Bahasha Niliyoibeba Mwenyewe

Rwezamenyo, Kigali
Jumatatu

Baba yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mama aliniambia umevimba tena tangu ule mkutano wa injili wa siku tatu, na kwamba sasa unahubiri umekaa. Kunywa dawa, Baba, usifunge na mguu ule. Mimi ni mzima. Kazi ipo, ofisi yetu ya kutoa mizigo forodhani inaendelea kunipa mshahara na maumivu ya mgongo. Mvua inanyesha kila mchana na chumba changu kinanuka unyevu, lakini nimezoea.

Umeona sikuanza na Bwana asifiwe. Nimeiandika mara mbili nikaikata. Nina hasira na wewe, na sikutaka kumtanguliza Yeye halafu nifuate nyuma na maneno haya.

Nakuandikia ili usikie kwangu kabla watu hawajakuletea picha kwenye simu. Jumamosi nimeposwa. Bosco na watu wake wamekuja, wameniomba mbele ya watu, wamepewa. Wewe hukuwepo. Najua utasema kanisani kwamba binti alijiozesha, kwa hiyo ngoja nieleze nilivyofika hapo, na unisome mpaka mwisho kama unavyotaka sisi tukusikilize mpaka mwisho.

Siku ile mwaka jana ulipompandisha mgombea madhabahuni, niliona kwenye simu nikiwa kazini. Ulimwekea mkono kichwani, wazee wakaweka, mkamwombea kwa kunena kwa lugha mpaka mashati yakalowa. Mabati ya kanisa yalikuja wiki ile ile. Hilo nililinyamazia, kanisa lilikuwa linavuja kweli. Uchaguzi ukapita, vijana wakaingia barabarani, na Elia wetu, mpiga ngoma wa kwaya, akakamatwa pamoja na wenzake. Mama yake alikuja kukuomba kanisa lifunge na kumwombea. Ukamjibu Jumapili, kwenye kipaza sauti, mama mwenyewe akiwa amekaa benchi la tatu, kwamba kijana ameasi mamlaka na kanisa halina neno la kusema.

Mimi nikaandika kwenye grupu la vijana maneno haya: "Mgombea tulimwekea mikono hata jina la baba yake hatulijui. Elia tunamjua tangu anavaa kaptula. Kwa nini hatuwezi kumwombea?" Basi. Sikumtukana mtu. Vijana wengi wakajibu amina, na kesho yake grupu likafungwa. Wewe hukunipigia, hukunikemea, hukuniuliza. Nikadhani yamekwisha.

Pasaka nikaja nyumbani kukueleza habari za Bosco. Ulinisikiliza vizuri kabisa. Ukauliza kama ameokoka, ukauliza kama mama yake anaomba, ukacheka niliposema anaogopa ng'ombe. Asubuhi ya kuondoka ukanipa barua ya utambulisho, kwa ajili ya kanisa la huku ambako tungefungia ndoa. Ukaweka mkono mmoja kichwani kwangu na mwingine juu ya bahasha, ukaomba. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikapu changu, na leo najiuliza kama alijua.

Anayebeba barua ya utambulisho haifungui. Wewe ndiye uliyetufundisha. Si uliwahi kumrudisha dada mmoja wa Kahama kwa sababu bahasha yake ilikuwa imechanika pembeni? Basi mimi niliiweka ndani ya Biblia isijikunje. Pale Rusumo ofisa wa mpakani alipekua mkoba wangu, akauliza hii ni nini, nikamjibu kwa majivuno, "Barua ya baba yangu, ni mchungaji." Hata yeye hakuifungua, Baba.

Nikaipeleka kwa mchungaji wa huku siku ya kutuandikisha. Tulikuwa ofisini kwake: yeye, wazee wanne, Bosco, mama yake Bosco, na mimi. Nikaitoa kwa mikono miwili huku natabasamu kama mjinga. Akaichana, akaisoma kwa sauti maana ndivyo zinavyosomwa, mstari kwa Kiswahili, kisha mstari ule ule kwa Kinyarwanda ili wazee waelewe. Kwa hiyo nilisikia mara mbili. Kwamba binti huyu yuko chini ya nidhamu. Kwamba ni kwa jambo lisilofaa kuandikwa. Kwamba asihudumu wala asifungishwe ndoa mpaka atubu hadharani mbele ya kanisa lake. Na jina lako chini, na cheo chako.

Jambo lisilofaa kuandikwa! Wewe unajua, na mimi najua, mtu wa kanisa akisikia hivyo juu ya msichana anaelewa nini. Wote waliliangalia tumbo langu. Mzee mmoja akamgeukia Bosco, akamtazama kuanzia viatu. Mama yake Bosco alikulia Karagwe, Kiswahili anakielewa, akanisogelea akaniuliza taratibu, "Binti, sema tu. Iko ya miezi mingapi?"

"Sina mimba, Mama."

"Sasa nidhamu ya nini?"

Ikabidi nieleze. Nikaeleza habari ya mgombea, na Elia, na ule ujumbe wangu, kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda changu cha sokoni, nikilia, na kamasi juu. Nilidhani watapumua wakisikia sina mimba. Loo! Nikaona sura zinabadilika upya, safari hii kwa woga. Mchungaji akaikunja barua polepole, akairudisha kwenye bahasha, akaisukuma upande wangu wa meza.

"Unajua, ingekuwa mimba tungejua pa kuanzia," akasema. "Mimba iko na utaratibu. Mtu anatubu, anakaa nyuma, anarudi. Lakini hii iko ya siasa, tena siasa ya nchi ya wengine. Hapana. Sisi hatuigusi. Rudi kwenu utubu, ulete barua ingine."

Yaani Baba ulinifanya, mbele ya mama mkwe, nitamani ningekuwa mjamzito. Ungeandika sababu. Ungeandika tu, "Aliomba tumwombee kijana aliye mahabusu." Hukuandika kwa sababu ulijua ikisomwa hivyo, wewe ndiye utakayeonekana. Ukaona heri waniwazie vingine. Mimi nimekaa na jambo hili wiki nyingi, nimelizungusha kila upande nikikutafutia udhuru, na sijaupata.

Bosco aliniambia tungoje. Tungoje nini, hakusema. Mama yake akarudi kwake Busanza bila kuniaga, siku nane kimya. Siku ya tisa akaja mwenyewe, kapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka mlangoni kwangu, kofia ngumu ya dereva bado iko kichwani kasahau kuivua. Hakutaka chai. Akauliza, "Huyo Elia, alitoka?"

Nikamwambia ametoka, ila mguu mmoja haukanyagi vizuri, na ngoma hapigi tena.

"Na mama yake?"

"Haji tena kanisani."

Kisha akasema, "Mimi nitakuja kukuomba. Lakini lazima nikute baba amekaa. Siwezi kuomba binti kwa ukuta."

Huku, Baba, nyumba ikija kuomba binti ni lazima baba wa binti awepo, au ndugu mkubwa wa baba, akae mbele aulizwe. Ndipo nilipokupigia. Unakumbuka ulivyosema? Ulisema huwezi kukaa kwenye sherehe ya mtu aliye chini ya nidhamu yako. Ukaniuliza, "Nikija, nije kama nani?" Nikakwambia uje kama baba yangu. Ukasema, "Baba yako ndiye mchungaji wako." Nikakuomba basi umruhusu baba mdogo. Ukasema hapana mtu wa nyumba yako atakayevuka mpaka. Kisha ukaniombea kwa simu, dakika kumi nzima, ukimkemea pepo wa uasi, na mimi nimesimama uani na ndoo ya nguo, watu wanapita. Nilikuacha umalize. Sikusema amina.

Mwenye nyumba wangu, Mzee Hamisi, alikuwa amekaa kwenye kibaraza anakata kucha. Ni fundi cherehani wa zamani wa Nyamirambo, amefiwa na mke, msikitini haachi hata siku moja, na kodi akidai anadai kwa aibu utafikiri yeye ndiye anadaiwa. Alisikia yote, maana simu yangu inapiga kelele. Akauliza, "Shida iko wapi? Iko ya kiti?"

Nikamwambia ndiyo, shida ni ya kiti.

"Mimi nitakaa."

Nikamwambia, Mzee, hawa ni walokole, wewe ni Mwislamu, watasemaje? Akanijibu, "Binti ni wangu au wa kwao? Wakija hapa kwangu watanikuta mimi." Akaendelea na kucha zake.

Najua utauliza nasali wapi, maana hilo ndilo swali lako kwa kila mtu. Kwenye lile kanisa sirudi. Jumapili nakwenda Busanza, sebuleni kwa dada mmoja muuguzi, tuko vijana kama kumi na wawili: Wanyarwanda, Mkenya mmoja, sisi Watanzania watatu. Wote tulikuwa watu wa kanisa hasa. Mmoja aliongoza sifa miaka sita mpaka alipoambiwa asiulize sadaka ya jengo imekwenda wapi. Mwingine baba yake ni askofu kama unavyotaka kuwa wewe. Hatuna madhabahu, hatuna kipaza sauti, na nisikudanganye, wawili kati yetu sijui kama bado wanaamini kitu, wanakuja kwa sababu hawajui pengine pa kwenda Jumapili asubuhi. Mimi bado naamini. Usiku wa shaka ninao, sikufichi. Lakini tunamwombea mtu kwa jina lake, na Elia tunamtaja kila wiki, watu ambao hawajawahi kumwona. Hilo nililitaka kwenu nikakosa.

Basi, Jumamosi. Walikuja watu thelathini, kina mama na mishanana yao, yale mavazi ya kufunga begani, wakajaa chini ya hema katika ua wa Mzee Hamisi. Soda tupu, kwa kuwa walokole hawanywi na mwenyeji hanywi, na hakuna aliyenung'unika. Mzee alikaa mbele na kanzu nyeupe na kofia yake, majirani zake wanne pembeni, wamejitangaza kuwa baba zangu wadogo. Msemaji wao akaanza maneno ya kuomba. Desturi ya huku mwenye binti anakataa kidogo, anatania, kisha anatoa. Mzee Hamisi alikataa kwelikweli! Aliwauliza kama Bosco anaweza hata kufunga kifungo cha shati. Akawaambia binti huyu anapika pilau, wao watampa nini, mihogo? Mpaka msemaji akawa anajifuta jasho na mama yake Bosco anacheka na kitambaa mdomoni. Katikati adhana ikalia, wote wakanyamaza, walokole nao, mpaka ilipokwisha.

Kisha mzee mmoja wa upande wao, ambaye alikuwepo siku ya bahasha, akasimama. Akasema yeye lazima aulize kwa uwazi. Baba aliyemzaa binti yuko wapi?

Nilikuwa ndani bado, nyuma ya pazia, na shangazi wa kuazima ananishika mkono. Nikasema sasa watainuka waondoke, na hapo ndipo mambo yangu na Bosco yanakwisha, na mtakuwa mmefaulu.

Mzee Hamisi akasimama. Akasema, "Yuko kwao. Mguu unamsumbua."

Amekufichia aibu. Mtu ambaye hujawahi kumpa hata mkono, ambaye ukimwona ungemhubiria aache dini yake, alisimama mbele ya watu thelathini akakufichia aibu, na wewe uliniandikia yangu ukaifunga kwa gundi.

Wakamwomba aombe, maana walokole hawafungi jambo bila maombi na mwenye nyumba ni yeye. Akainua viganja. Akasema kwa Kiswahili, "Mungu, huyu ni mtoto wa mwenzangu. Mimi nimemshika tu. Mwenye mguu mponye, na binti mpe nyumba yenye amani." Wote wakasema amina, hata yule mzee. Nami nikasema amina kwa nguvu zangu zote nyuma ya pazia. Kama kuna barua nyingine unaniandikia, iandike na hii amina ndani, na uwaambie kwamba nimekataa kuitubu.

Mama nimeshaongea naye. Nisalimie mdogo wangu Yona, apunguze sauti ya kinanda, nilimsikia mpaka huku. Nisalimie shangazi na kifua chake, na baba mdogo, mwambie simlaumu. Na mama yake Elia, unapita mlangoni kwake kila ukienda kanisani. Simama siku moja, usihubiri, mpe salamu zangu tu.

Ndoa ya serikali ni mwezi ujao, ofisi ya sekta, kama kata ya kwetu, Alhamisi ya pili, saa nne asubuhi. Wataita baba wa binti aje atie sahihi kama shahidi. Nakutaka uje, Baba. Nimelia kukutaka uje, na nimeandika kurasa zote hizi kwa sababu bado nakutaka. Lakini sitakungojea mlangoni. Mzee Hamisi ameshapeleka kanzu kwa dobi.

Binti yako wa kwanza,
Neema