Hatari Ndogo

3 Aprili

Dada mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na mama anaendelea vizuri. Mimi mwili hauna neno, ila roho ina homa. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu za ofisini zina masikio kuliko wenye simu.

Unaijua kazi yangu hapa Hazina. Kila mwaka, kabla bajeti haijasomwa, naandika sura ya hatari, yaani mambo ambayo yakitokea yatatoboa mfuko wa serikali. Mbele ya kila jambo naweka neno: ndogo, ya kati, au kubwa. Nikishaweka, wakubwa wananibadilishia.

Zamani serikali ililidhamini shirika la umeme kwa wakopeshaji. Shirika likishindwa kulipa, tunalipa sisi. Mbele ya dhamana hiyo tumeandika "hatari ndogo" mwaka hadi mwaka, kwa hoja kwamba haijawahi kutokea. Ni sawa na kusema mzee fulani hatakufa kwa sababu hajawahi kufa.

Dada, shirika halina kitu. Awamu ya malipo ya mwisho wa Juni hawataiweza. Mzigo huo ukituangukia, wakati mishahara na madeni yetu wenyewe vimeshakomba sufuria, wizara zitafungiwa mfereji. Afya itakuwa ya kwanza. Askari akikosa mshahara tunatetemeka, mwalimu akikosa anagoma. Mgonjwa atagoma vipi?

Naomba jambo moja. Hapo wodini kwako, weka kando vichujio vya kumsafishia mama damu, katoni moja, au mbili ukiweza. Usimwambie mtu.

Mdogo wako

---

11 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, miguu tu inalalamika kwa kusimama. Mama anakusalimu, anasema umekonda, ingawa hajakuona tangu mwaka jana.

Wewe Mzee Tahadhari! Utotoni ulikuwa unabeba mwavuli kiangazi, na sote tukikucheka. Siku mvua iliponyesha kweli, ulimfunika nani? Ulijifunika mwenyewe.

Nikuelezee wodi yangu, maana naona huko juu mnaijua kwa tarakimu. Ni chumba kimoja, mashine sita za kusafisha damu, pazia la kijani lililochanika. Mama yuko kitanda cha kwanza, dirishani. Anasema mashine ni mkwe aliyemwomba kwa Mungu: "Ananifulia damu yote na hasengenyi!" Kitanda cha pili yupo fundi wa kuchomelea, nyusi zimeungua zote, anagombana na mama kuhusu redio. Yeye anataka mpira, mama anataka taarifa ya habari. Kila mgonjwa huja mara mbili kwa wiki, na kila akija anatumia kichujio kipya. Akikosa wiki nzima, maji yanapanda mapafuni. Anazama akiwa kitandani pake. Nimeshaona, sitaki kuona tena.

Sasa wewe waniambia niweke kando. Kando ya nani? Vichujio haviongezeki kwa kufichwa. Nikimwekea mama, nimemnyang'anya wa kitanda cha pili.

Mnaiendesha nchi kama baba anayejua paa linaanguka. Anamwamsha mtoto anayempenda, wanatoka kwa kunyata, wengine anawaacha wamelala. Asubuhi anasema ni kazi ya Mungu! Dhamana hiyo hamkuiweka kwa jina la babu yenu. Mliiweka kwa jina letu, basi tuambieni sisi.

Andika KUBWA. Herufi tano tu, hazitakuvunja mkono.

Dada yako

---

2 Mei

Dada,

Shikamoo tena. Salamu kwa mama, na kwa fundi pia, mwambie niko upande wake kuhusu mpira.

Nilijaribu. Niliandika "kubwa" nikaipeleka kwa mkurugenzi, yule tunayemwita Bwana Tulieni. Hakugomba, na afadhali angegomba. Alivua miwani, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, unajua wanaosoma sura hii ni akina nani?"

Nikasema wananchi.

Akacheka mpaka akakohoa. "Ni wakopeshaji! Wakiliona neno lako watapandisha riba kabla wino haujakauka. Hatari ikiandikwa, inaamka. Tulieni."

Hoja yake si ya kipumbavu, Dada, na hilo ndilo linaloniogopesha. Nikatulia. Nimeandika "ndogo" kwa mkono wangu.

Lakini wiki hiyohiyo nimemwona Bwana Tulieni akifungiwa jenereta nyumbani kwake. Mhasibu wetu amewaambia wakwe zake wajaze dawa za kisukari kabatini. Katibu muhtasi anamwandikia shangazi yake. Jengo zima linanong'ona, kila mtu kwa damu yake. Hadharani tunasema hali ni shwari. Nikipita kwenye korido milango inafungwa polepole, na simu zinakatwa nikikaribia, nami nazikata wengine wakikaribia.

Nimeacha kulala vizuri. Mama ni mmoja, Dada. Nakusihi.

Mdogo wako

---

29 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nimezipata. Usiniulize hali.

Nimechukua katoni. Mimi, niliyekutolea maneno. Usiku ule mama alikosa pumzi kidogo, ni mafua tu, lakini nilimsikia akivuta hewa na barua yako ikanirudia neno kwa neno. Kesho yake niliondoka na katoni ndani ya mfuko wa nguo chafu. Ipo nyuma ya cherehani yake ya zamani, chini ya vitambaa.

Jumatatu nikafungua stoo. Rafu nyeupe, mdogo wangu. Nilidhani mimi ndiye mwizi, kumbe nilikuwa mwizi wa mwisho kufika. Mtunza stoo alikuwa ameshasikia kwa shemeji yake. Daktari alisikia kwa mtu aliyesoma naye. Kila mmoja "kwa siri", kila mmoja kwa ajili ya mgonjwa wake. Juni haijafika! Serikali haijashindwa kulipa hata senti. Tumeanza kushindwa sisi. Bwana Tulieni alisema hatari ikiandikwa inaamka. Mwambie imeamka bila kuandikwa, kwa minong'ono tu.

Fundi alifika zamu yake. Nikamwambia, "Njoo Alhamisi."

Akacheka. "Sista, mwambie mkwe asinipe talaka."

Nilipokuwa nimesimama mbele yake niliifikiria ile katoni. Nataka ujue hivyo. Niliifikiria vizuri, ilivyokaa chini ya vitambaa. Kisha nikarudia, "Alhamisi."

Alhamisi alikuja, kichujio hakikuwepo. Tangu hapo hajaja.

Dada yako

---

30 Juni

Dada,

Shikamoo. Hujaniandikia mwezi mzima. Kila bahasha ikiletwa mezani natazama mwandiko kwanza.

Imetokea. Shirika la umeme limeshindwa, wakopeshaji wametugeukia sisi wadhamini, na jana tumelipa. Leo wizara zote zimeambiwa zisiagize kitu mpaka zitakapoarifiwa. Zitaarifiwa lini, hakuna ajuaye. Bwana Tulieni ameitisha mkutano, akasema jambo hili "halikuweza kutabirika". Nilikuwa nimekaa mbele yake. Nilitazama viatu vyangu.

Niambie tu, mama anavyo vya kutosha? Na yule wa kitanda cha pili?

Mdogo wako

---

9 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama yupo. Hilo ndilo ulilotaka kujua kwanza, nami sikulaumu.

Fundi amefariki. Ni mwanzoni mwa Juni, kabla hamjalipa, kabla hamjafunga chochote. Mkewe alikuja kuchukua redio. Mama akamkabidhi.

Jioni alitafuta kitambaa amshonee mjane kitu cha kujitanda, akaikuta katoni. Hakupiga kelele. Wewe unayemjua mama wa zamani ungetamani apige. Asubuhi aliibeba mwenyewe, na miguu ile iliyovimba, hakutaka niiguse. Aliingia wodini akaiweka mezani mbele ya watu wote. "Hii ni ya hapa. Ilipotea njia."

Basi nikasema yote. Nilisimama kati ya vitanda nikawaambia wagonjwa na ndugu zao kilichopo, kisichokuwepo, dhamana ni nini, na nani alichukua. Nilianza na mimi. Mmoja alinitemea mate, nikayafuta. Kesho yake mtunza stoo akaja na katoni begani, bila salamu. Kisha daktari. Kisha mtu akaacha nyingine mlangoni.

Sasa kila mgonjwa anasafishwa mara moja kwa wiki badala ya mbili, mama naye vilevile. Tumekubaliana kwa sauti, kila mtu akisikia. Haitoshi. Usiku nasikiliza pumzi yake kama mtu anayesikiliza mwizi. Lakini hakuna anayemtazama jirani yake kwa wasiwasi tena.

Mama ana swali kwako, amesema niliandike kama lilivyo: "Muulize mwanangu, yule wa kitanda cha pili hakuwa na mtoto Hazina?"

Jibu.

Dada yako

---

16 Julai

Dada,

Shikamoo. Mpe mama mkono wangu aubusu au aupige, vyovyote apendavyo.

Kamati ya wabunge ilitaka maelezo ya sura ya hatari. Nimeandika "kubwa" mbele ya shirika la umeme, la maji na la reli, nikapeleka mwenyewe bila kumwonyesha Bwana Tulieni. Walisoma kwa sauti, waandishi wa habari wakiwepo. Leo kiti changu kimeondolewa, nakuandikia nikiwa nimesimama. Kesho nimeitwa mbele ya watu nisiowajua. Labda riba itapanda kweli kama alivyosema. Naogopa, Dada, sitakudanganya. Ila safari hii naogopa pamoja na wengine.

Mwambie mama kwamba yule wa kitanda cha pili alikuwa naye mtoto Hazina. Ni mimi. Sikumwandikia tu.

Mdogo wako