Mkate Ambao Baba Hakuweza Kuumeza

Mraru,
Voi.
14 Julai 2024

Mpendwa kaka Silvanus,

Natumai barua hii, ambayo mwenzako Ben atakuletea akirudi kazini huko Doha, itakukuta mzima. Je, mgongo umeacha kuuma? Huko kazini joto limepungua hata kidogo? Sisi huku tuko, Mungu anatubeba. Mama anahangaika na shamba lake la pojo, ingawa mvua ilitukimbia mapema na ndovu walipita kwa jirani.

Nimeona niandike kwa sababu kwa simu nashindwa. Ukiniuliza habari za Baba nasema yuko sawa, halafu nakata simu.

Juma lililopita nilimpeleka Nairobi kuchukua majibu. Daktari, kijana mpole sana, alituambia ni saratani ya umio, ile njia ya chakula, na imeenea hata haiwezi kupasuliwa. Kilichobaki ni kumwekea mrija wa kumlisha kupitia tumboni. Baba alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akavaa kofia yake. "Nitafikiria," akasema.

Treni yetu ilikuwa ya alasiri. Tulipotoka manyunyu yakaanza, nikamwingiza mahali pa karibu. Kumbe ni duka la mikate ya Kifaransa, lenye meza na kahawa, vioo kila upande. Nawe wamjua mtu aliyeoka mikate Voi maisha yake yote. Alisimama mlangoni akivuta ile harufu mpaka nikadhani amechoka.

Msichana wa pale, jina lake Ngina limeandikwa kifuani, alitukalisha karibu na dirisha. Baba akaonyesha kwa kidole mkate mmoja uliokunjwa kama mwezi mchanga.

Nikamwambia polepole, "Baba, hata uji unakushinda."

"Najua. Agiza."

Ulipoletwa aliupasua katikati. Ndani ni matabaka membamba kama karatasi, siagi imeingia kila mahali. Akaugeuza, akatazama chini ulivyoiva, kisha akaweka kipande kidogo mdomoni. Alitafuna muda mrefu, kaka. Akajaribu kumeza, kikakataa. Akaanza kukohoa, macho yamemtoka, watu wakageuka kututazama. Mimi nilimshika mgongo tu, sikujua la kufanya. Ngina akaja mbio na maji, nayo yakarudi.

Akajifuta kwa leso. Nilitaka tuondoke, lakini akasukuma sahani upande wangu.

"Kula wewe, mwanangu. Uniambie ukoje."

Nikala. "Ni mtamu, Baba."

"Mtamu vipi?"

Nikajaribu kumweleza: unavunjika kwanza, halafu unayeyuka, mwishoni inabaki chumvi kidogo. Alifumba macho akisikiliza, akiitikia kwa kichwa.

"Niliwahi kuujaribu," akasema. "Siagi iliyeyuka yote kabla sijakunja. Lile joto letu la Voi." Akacheka kidogo.

Niliumaliza wote kwa sababu alikuwa ananitazama, huku machozi yakinishuka.

Kwenye treni alisema hataki mrija. Nimembembeleza, Mama amempigia magoti, mchungaji naye amekuja. Anajibu kwa upole tu, "Niacheni nyumbani kwangu." Sasa tunampa uji mwepesi kwa kijiko, na siku nyingine hata huo haupiti. Anapungua mbele ya macho yangu, nami nimekaa na bakuli mkononi.

Sikuandikii utafute dawa, kaka, wala sikwambii umshawishi. Omba ruhusa kazini, uje. Haulizi utakuja lini, lakini kila mlango ukifunguliwa anageuza kichwa, na akiona ni mimi anakirudisha ukutani.

Mama anakusalimu sana, pia Sharon na shangazi Mwelu aliyeko Miasenyi. Mungu akufungulie njia na akulinde hadi tutakapoonana.

Dada yako akupendaye,
Wakio