Kuhama kwa Hiari ndani ya Siku Saba

Mjukuu wangu Neema,

Sisi huku Doha tu wazima, ila mama anakohoa. Nimekupita miaka minne tu, lakini kwa ukoo mimi ni babu yako, basi najaribu kukujibu.

Unauliza: notisi ikiwaambia nyinyi wa kando ya mto "mhame kwa hiari ndani ya siku saba", hiari iko wapi? Ile sheria mpya iliyoleta notisi hiyo nimeisoma mara tatu na bado sielewi.

Mwaka jana onyo la mvua lilikuja kwa Kiarabu. Nilimsomea baba "tokeni", tukashuka barabarani na masanduku. Mlinzi wetu Mtanzania akacheka: "Mmeambiwa msitoke, kijana." Nilikuwa nimeona haya kumuuliza.

Nyinyi muulizeni chifu mtahamia wapi. Ila mto ukipanda, msingoje jibu lake.

Babu yako,
Baraka