Sauti ya Marehemu Chumbani

Keza mjukuu wangu,

Amani ya Bwana iwe nawe na mwanao. Hapa Kinyinya tuko salama, ila babu yako anagombana na mafundi wa jirani kwa vumbi lao.

Umeniuliza mtaala upi wa Kikristo, kati ya ile miwili uliyonitajia, ni mpole kwa mtoto anayeanza kusomea nyumbani. Mama yako nilimfundisha mwenyewe. Mchana mmoja nilimsikia marehemu mama yangu akifoka chumbani: "Rudia! Mungu anakuona!"

Nilichungulia. Mama yako, wa miaka minne, alikuwa akifundisha wanasesere wake wa magunzi. Bibi yake alifariki kabla hajazaliwa. Sauti ile aliipata kwangu, nilipokuwa nikimfundisha.

Isome mitaala yote miwili kwa sauti, halafu usikilize ni sauti ya nani inayosoma.

Bibi yako