Tangawizi Isiyowasha

Mjukuu wangu Nakijwa,

Marahaba. Huku Mamba hatujambo, ila babu yako na kikohozi chake.

Mmea huo unaoniulizia, ambao majani yake yanapanda yakizunguka shina kama ngazi, si tangawizi. Tafuna mzizi wake, hauwashi. Enzi za Mwingereza, nikiwa nimeolewa juzi tu, mama mkwe alinituma kupanda tangawizi kando ya mfereji, nami nikapanda huo. Siku ya kuvuna alitafuna kidogo, akanitazama, akautia kwenye chai, akawaambia wifi zangu, "Tangawizi ya mkamwana wangu ni kali!" Kesho yake akakata shina lake, akalilaza kivulini kwenye udongo wenye unyevu. Likachipua.

Nawe uoteshe hivyo hivyo. Mimi naupalilia mpaka leo, na bado sijui alinihurumia au alinicheka.

Bibi yako