Kanzu ya Mzee Bakari

Mkwiro, Kisiwa cha Wasini

Kwa mama yangu,

Shikamoo Mama. Najua barua hii atakusomea Mwalimu, na hutamruhusu aendelee kabla hujaitikia. Itikia basi, kisha uniambie goti lako linaendeleaje, na kama paa la jikoni lilistahimili mvua. Mimi ni mzima, Alhamdulillahi, nimenenepa kwa samaki, na leo nina furaha hata kalamu inanikimbia mkononi.

Mara ya mwisho nilikuandikia nikiwa na aibu. Nilikwambia kwamba Mzee Bakari, huyu ninayemtengenezea vyombo vyake, alinikatalia binti yake Mwanakombo, lakini sikukwambia sababu. Sababu ni mashua. Mzungu mmoja aliyekuwa akivua kwa starehe alifunga virago Uhuru ulipokaribia, akamwachia Mzee mashua yake kuukuu ya aluminiamu. Watu wa hapa huiita mashua ya sufuria, na kila nikipita huniuliza wali utaiva lini. Nikajigamba kwamba mwana wa fundi wa majahazi wa Matondoni hashindwi na chombo. Nikaiziba kwa pamba na mafuta ya papa kama marehemu baba alivyonifunza. Mzee akaipanda kwenda harusini Shimoni, akafika kanzu imelowa hadi kiunoni. Baada ya hapo ndipo nikatuma neno la posa, na jibu likarudi: "Asiyeweza kuzuia maji, njaa ataizuiaje?"

Niliumia, Mama. Mwanakombo aliniletea salamu kwa kaka yake Hamisi kwamba yeye ananingoja, lakini kuna mtu wa Vanga naye ameshabisha hodi, na baba yake hatangoja.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikaivuta mashua pwani, nikaipandisha juu ya magogo. Na unajua mkono wangu ulifanya nini kabla akili haijauliza? Ulichota maji ukaijaza. Si ndivyo tufanyavyo kwetu chombo kikikauka na kuvuja? Mbao hunywa maji, huvimba, hujiziba zenyewe. Nimekaa kivulini nangoja, Mzee akapita, akasimama.

"Fundi, unangoja bati livimbe?"

Wallahi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wavuvi walicheka mpaka wakashika mbavu.

Nikainama niondoe gogo moja ili maji yamwagike, tone likaniangukia shingoni. Nikalala chali chini ya mashua. Tone jingine, na jingine kando yake. Yale maji niliyoyatia kwa ujinga yalikuwa yakinionyesha kila palipo na kasoro. Haikuwa kwenye maungio nilikojaza pamba. Ilikuwa kwenye ribiti, zile pini zinazobana bati kwa bati, zimelegea kwa uzee. Nikaomba kipande cha mkaa, nikazungushia kila tone. Nilipomaliza, mashua ilikuwa na madoa kama chui, na waliokuwa wakicheka walikuwa wameinama pamoja nami wakitazama.

Hamisi alishikilia chuma kizito kwa ndani, mimi nikagonga kwa nje, ribiti baada ya ribiti, mpaka masikio yakaziba. Palipokuwa na ufa, mama yake Mwanakombo alitoa kifuniko cha sufuria bila kumwambia mumewe, nikakikata kikawa kiraka. Kisha nikayeyusha sandarusi, ile gundi ya mti aliyoipenda baba, nikaichanganya na mafuta, nikaipaka ingali moto. Nikaijaza mashua maji tena, safari hii kwa kusudi, na mchanga wa chini ukabaki mkavu.

Juzi kulikuwa na barza Shimoni, ya DC mpya, Mwafrika mwenzetu. Mzee akaja na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Akapanda mashua ya sufuria nimvushe, akaliacha benchi makusudi, akakaa chini kabisa kwenye bati, akanikazia macho. Mkondo ulikuwa mkali, mawimbi yakitupiga ubavuni, nami nasoma dua zote nizijuazo. Tulipofika akainuka, akajipapasa nyuma taratibu mbele ya umati. Kisha akawapa watu mgongo.

"Nitazameni," akasema.

Ilikuwa kavu, Mama. Kavu kama ilivyotoka kwenye pasi.

Nikasogea nimpe mkono, akaniwahi: "Mimi posa siizungumzi na kijana. Mwandikie mama yako aje, na mjomba wako."

Basi nimekuandikia. Msalimie Mjomba Athumani, ndiye atakayesema mbele ya wazee, aanze kusafisha koo. Dada Zuhura aliyeniambia ugenini huku kutanishinda, mpe salamu mara mbili. Bibi mwambie aendelee kuniombea. Na Mwalimu, ahsante kwa kusoma, lakini usiitangulize habari hii msikitini kabla Mama hajaitoa mwenyewe.

Ukifika Shimoni, usitafute chombo cha kukuvusha. Nitakuwa nakungoja na mashua ya sufuria. Vaa vile viatu vyako vipya, Mama, vile unavyoviogopea maji.

Mwanao,
Shee