Nimenunua Masikio

Nyumba ya nyuma ya mashine ya kusaga,
Mtaa wa Soko la Zamani.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu, tumezifunga vizuri zisimwagike njiani. Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo? Na kile kiuno kilichokuwa kinakusumbua, kimekubali kunyooka, au bado unatembea kama mtu aliyeangusha sindano? Watoto nao wameizoea baridi ya huko? Sisi huku wazima. Mafua yalipita nyumba kwa nyumba, yakatubishia hodi, tukayakaribisha siku chache kisha tukayasindikiza. Mashine inasaga, na mimi mwenyewe nina afya tele, kama utakavyoona.

Kwanza nikutue mzigo. Ile safari uliyoipanga, ya kuja kutusuluhisha mimi na shemeji yako, iache. Ukija, uje kula na kucheka. Najua barua yangu iliyopita ilikutia hofu. Nilikuandikia kwamba mume wangu amekuwa bubu ndani ya nyumba, kwamba anakula, anafuta mdomo, anaondoka mezani, na kwamba huenda moyo wake umepata makazi mengine. Niliandika huku nalia, na kila neno nililiamini. Sasa kaa vizuri nikusimulie.

Yalianzia mashineni. Unaijua kazi yangu. Ile mota ikinguruma ukuta unatetemeka, nami nimesimama ubavuni mwake tangu usichana wangu. Siku hiyo nilikuwa nimeizima, nafagia pumba, akaingia mteja mmoja, dada mwenye haraka zake. Akauliza, "Mama, gunia langu liko wapi?" Mimi nikasikia, "Mama, dunia yangu iko wapi?"

Nilimwonea huruma! Nikaweka ufagio chini, nikamshika mkono, nikamkalisha juu ya mifuko. Nikamwambia vumilia mwanangu, dunia ndivyo ilivyo, leo inakubeba kesho inakutupa, hata mimi unayeniona hapa mume wangu hanisemeshi. Nikamfunulia ya nyumbani kwangu mpaka machozi yakanitoka. Yeye kanitumbulia macho. Wateja wengine kwenye foleni walikuwa wamejishika mbavu. Mwishowe mmoja wao akanisogelea, akaninyooshea kidole gunia la mahindi lililokuwa limeegemea mlango.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Jioni binti yangu mkubwa, yule mshonaji, akaja bila hodi, akaniwekea uso wake mbele ya wangu. Hakucheka.

"Mama, twende ukapimwe masikio."

Nikamwambia masikio yangu mazima, watu wa siku hizi ndio wanaomung'unya maneno. Akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Nikamjibu, "Chawa gani?" Hata mimi nilijiona nimeshindwa.

Huko hospitali waliniingiza katika chumba kidogo kama kabati, kuta zake zimevikwa sponji. Nikavalishwa vitu masikioni, nikapewa kitufe. Ukisikia mlio, bonyeza. Nikasikia mmoja, nikabonyeza. Nikasikia mwingine, nikabonyeza. Kisha kimya. Nikakaa. Nikapanga sketi yangu, nikatazama kucha, nikingoja waendelee. Baadaye mtaalamu akafungua mlango. Nikamwuliza kwa upole kama kifaa chao kimeharibika, maana milio imekatika.

Alimtazama binti yangu, kisha akainama mpaka nikaiona midomo yake. "Haikukatika, mama. Tumemaliza."

Mdogo wangu, mimi ni mtu wa maneno mengi, wewe ndiye shahidi wangu. Lakini nilirudi nyumbani siku hiyo sina hata moja.

Sasa, nilikuwa nimejiwekea akiba ya makochi. Si makochi ya kawaida. Yale ya rangi ya zambarau yenye mikono mipana, niliyokuwa napita kuyatazama dukani kila nikienda sokoni, mpaka muuzaji akaanza kuniita mke wake wa pili. Mtaalamu alipotaja bei ya mashine za masikio, nikaona makochi yangu yakiota miguu na kuondoka. Usiku ule nilijigeuza kitandani kama chapati. Kulipokucha nikajiuliza: nitawakalisha wageni juu ya makochi mazuri, kisha nifanye nini nao, ikiwa siwasikii? Nikaenda kununua masikio. Ni vidude viwili, kila kimoja hakizidi punje ya haragwe, vinakaa nyuma ya sikio, na ukijifunga kitambaa hakuna anayejua.

Kutoka hospitali mpaka stendi niligeuka mara kadhaa kumtafuta mtu aliyekuwa ananifuata. Kumbe ni ndala zangu! Zinapiga makofi, mdogo wangu. Miaka yote hiyo nimekuwa natembea na watu wa kunishangilia na sijui. Nyumbani nikakuta friji linaguna kama mzee aliyeamshwa kabla ya wakati. Nikakuta bomba la uani linadondosha maji, tena kwa mdundo, tone, tone, kituo, tone. Na nikaisikia sauti yangu mwenyewe. Hiyo ilinitisha. Nilimwita mjukuu aje kula, nikaruka mwenyewe.

Nilimngoja shemeji yako kwa hamu. Unamjua, fundi saa, amekaa kwenye kile chumba cha mbele karibu na dirisha na kioo chake cha kukuzia kimebanwa jichoni, mikono yake inagusa vitu kama anaviomba radhi. Nikajiambia, sasa nasikia, leo atasema. Akaingia, akayatazama masikio mapya, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanishika bega. Kisha akala, akafuta mdomo, akaondoka mezani.

Kesho yake vilevile. Na kesho kutwa. Alipotaka chumvi aliionyesha kwa kidole. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Zamani ningeweza kuyalaumu masikio. Sasa masikio nimeyanunua, na kimya bado kipo. Nikasema basi, nilichomwandikia mdogo wangu ndicho hicho.

Nisingejua la kufanya na masikio hayo kama si Kipara. Ndiye kinyozi wa jirani na mashine, na jina hilo si utani, hana unywele hata mmoja. Yeye husema nywele zake amezigawa zote kwa wateja. Redio yake ilikuwa inalia siku zote, nami kwa miaka nilikuwa nasikia dum, dum, dum tu kupitia ukutani, nikawa natangaza kwamba muziki wa siku hizi ni kutwanga mtama. Nilipozima mashine mchana mmoja nikavaa masikio yangu, nikasikia kitu chembamba kinatambaa juu ya ile dum-dum. Nikatoka na unga wangu mwilini, nikasimama mlangoni kwake.

"Hicho ni nini?"

"Hicho nini, mama?"

"Hicho kinacholialia huko juu, kama mtoto anayebembeleza apewe."

Akacheka mpaka akamkata mteja sharubu upande mmoja. "Hilo ni gitaa, mama. Lipo siku zote."

Lipo siku zote! Tangu siku hiyo Kipara akawa mwalimu wangu. Akinipigia wimbo ananiambia, leo usimfuate mwimbaji, fuata besi uone inavyozunguka kama mlinzi. Kesho ananiambia, sasa wasikilize wale wanawake wanaoitikia nyuma. Mwimbaji analalamika, wao wanamjibu kama mashangazi: ndiyo, ndiyo, lakini na wewe umezidi. Kuna wimbo mmoja hauna maneno kabisa, gitaa mbili tu zinazungumza, moja inauliza, nyingine inachelewa kujibu. Huo ulinishika. Nikanunua spika ndogo ya kuchaji, ukubwa wa kopo la maziwa, Kipara akanijazia nyimbo kwenye memori kadi, nikaiweka jikoni juu ya kabati. Watu walisema mama wa mashine amezeeka vibaya. Wacha waseme, nilikuwa nawasikia.

Basi ikaja siku ya umeme kukatika. Mashine haikuwa na kazi, nikarudi nyumbani mchana, nikajifungia jikoni na dengu zangu za kuchambua, nikawasha spika. Gitaa zangu mbili zikaanza. Ya kwanza ikauliza. Ya pili ikachelewa, kama kawaida yake. Na katika kule kuchelewa, nikasikia kitu cha tatu.

Mluzi. Laini, wa chini, umejipenyeza katikati ya gitaa zile kama uzi kwenye tundu la sindano. Nikadhani ni masikio, maana mtaalamu alinionya kwamba wakati mwingine hupiga miluzi yenyewe. Nikayatoa, nikayapuliza, nikayarudisha. Mluzi upo. Nikazima spika. Mluzi ukaendelea peke yake, ukamaliza wimbo wote hadi mwisho bila kukosea.

Nikaufuata. Ulinipeleka chumba cha mbele. Shemeji yako ameinama juu ya saa iliyofunguliwa tumbo, kioo jichoni, midomo ameikunja, anapiga mluzi kama ndege aliye kwao. Nilisimama mlangoni sijui kwa muda gani. Alipoinua kichwa akaniona, akanyamaza na kutafuta bisibisi ambayo alikuwa ameishika mkononi.

Nikamwambia, "Kumbe wewe unapiga mluzi."

Akafikiri kama anijibu kwa mkono au kwa mdomo. Kisha akasema, "Siku zote. Na kuimba naimba."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilikuambia nimepata wimbo. Ukaniuliza nimemkasirikia nani mpaka nitafute fimbo."

Nilicheka, naye akacheka, lakini kicheko chake kiliisha kabla ya changu. Akakitoa kile kioo jichoni akakiweka mezani, kazi ambayo huwa haifanyi mpaka jioni. Nikamwuliza lile nililokuwa naliogopa. Kwa nini hunisemeshi? Masikio ninayo sasa, kwa nini bado?

Halafu akasema maneno ambayo nakuandikia kama alivyoyasema, sijaongeza chumvi.

"Mimi sauti yangu ndogo, unanijua. Nilijaribu kukupigia kelele. Lakini ukimwambia mkeo 'pole na kazi' kwa sauti ya kuita ng'ombe, haiwi pole tena, inakuwa ugomvi. Nikaanza kuyaacha maneno yasiyoweza kupigiwa kelele. Nikakuta ndiyo yaliyokuwa mengi. Sasa unasikia, nami nimesahau pa kuanzia."

Mdogo wangu, nilivuta kile kigoda cha wateja nikakaa mbele yake, unga kichwani, dengu mkononi. Nikamwambia, "Anzia hapo kwenye pole."

Aliona haya, mtu mzima yule. Akatazama saa zake zote ukutani kama zingemsaidia. Kisha akasema polepole, kwa sauti yake ileile ndogo, "Pole na kazi, mke wangu." Na mimi nikaisikia yote, hata pumzi aliyoivuta kabla ya kuanza. Nikaitikia, "Nimeshapoa." Dengu sikuzimaliza kuchambua siku hiyo, tulikula na vijiwe vyake.

Usidhani mambo yamekuwa sukari tupu. Maneno yake bado yanakuja kwa kudonoadonoa. Siku nyingine anasahau, anainyooshea chumvi kidole, nami najifanya sioni mpaka aitaje. Mimi najifunza kushusha sauti, na jirani wa ukuta wa pili amekuja kunishukuru. Kwenye kelele za watu wengi masikio haya yananichanganyia kila kitu kama pilipili na sukari, na upepo ukivuma nasikia bahari nzima. Nikiwa mashineni nayavua na kujiziba kabisa, nimeshaonywa, usikivu uliobaki nisiusage.

Lakini baada ya chakula tunakaa kwenye makochi yetu ya zamani, yale yenye spring inayochoma, na spika katikati yetu. Tunagombana! Yeye anapenda nyimbo za polepole. Mimi nimegundua katika uzee wangu kwamba napenda tarumbeta, tena zile za kelele. Yeye husema nimetoka mashine moja nimeingia nyingine. Wiki iliyopita alininunulia mwenyewe memori kadi iliyojaa tarumbeta tupu. Alipoiweka alifunga mlango wa chumba chake cha kazi, lakini mguu wake nilikuwa nauona chini ya mlango, unapiga.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie ile mitandio aliyotuma imefika na binti yangu ameshaiga mshono wake. Wabusu watoto, uwaambie shangazi yao anataka nyimbo wanazozipenda, hata kama ni za kutwanga mtama. Binti yangu na mume wake wanakusalimu, mjukuu anamsalimu babu yake wa mbali. Kipara hakujui lakini naye ametuma salamu. Shemeji yako anakusalimu, tena alisema kwa mdomo. Mungu awafunike huko mliko, awape kazi isiyowachosha roho, na mlango wenu usikose wa kuubisha.

Neno la mwisho. Tumeandikiana miaka mingi kwa sababu simu ilinishinda; nilikuwa nasema haloo, haloo, nalaumu mtandao, namkabidhi binti yangu. Sasa nadhani nitaiweza. Binti yangu, ambaye huongea nawe kila mwezi, ameniambia kwamba kadiri umri unavyokwenda umeichukua sauti ya baba, na kwamba ukisema "haya basi" kabla ya kukata simu yeye husisimka mwili. Mimi ya kwako ninayoikumbuka ni ya kijana anayebalehe. Ya baba nilidhani nimeizika naye. Nipigie Jumapili ijayo mchana, mashine itakuwa imezimwa. Usiwe na haraka ya habari. Nisalimie tu, kisha endelea kusema chochote.

Ni mimi dada yako nikupendaye, niliyekaa karibu na simu.